Dakika ya Kumi na Nane

Daftari langu lina kalamu mbili:
nyekundu ya mabao tuliyofungwa,
buluu ya yale tuliyofunga.
Miaka thelathini na moja nilihesabu makasha Kilindini,
sasa nahesabu watoto wa watu uwanjani Chaani,
na hesabu, msinione mbishi, ni hii:
mechi kumi na nne,
tumefungwa mabao kumi na tisa,
kumi na matatu kabla ya dakika ya kumi na nane.
Kisha wanaamka.
Kisha, yakhe, utawapenda.

Kocha Riziki alisema ni mahamri.
Tukawanyima mahamri, tukawapa ndizi moja moja.
Miritini wakatufunga dakika ya nne.
Akasema ni misuli, haijapata moto.
Tukawakimbiza mpaka fulana zikaganda mgongoni,
wakaingia hoi kama waliotoka kupakua saruji,
na Bamburi wakatufunga dakika ya pili,
kwa kichwa, kipa wetu ameinama anafunga kamba za viatu.
Mweka hazina akasema hapa pana mkono wa mtu,
akaleta ubani unafuka kwenye kopo la maziwa.
Hilo nalo niliandika:
ubani, mbili bila.

Mimi nilikuwa na langu: damu nzito.
Kuna watoto huzaliwa wazito wa kuanza.
Nililisema kwa uhakika wa mtu
aliyewahi kuwa na mmoja nyumbani.

Jumamosi moja kalamu nyekundu ikakauka.
Nikaitikisa, nikaipulizia ncha,
nikainua macho kwa kukosa la kuandika,
nikaona wanatazama wapi.
Si mpira.
Chengo, winga ya kulia, anatazama njia ya relini:
mama yake huuza viazi karai
na hawezi kuepua kabla ya saa kumi na robo.
Fumo anakagua vichwa vya watu mmoja mmoja,
anatafuta kofia ya kazi, ya manjano.
Tsuma golini amevaa glavu za kaka yake
aliyesema atakuja kuona zikidaka.
Na mpira unapita katikati yao
kama mgeni aliyebisha hodi nyumba isiyo na mtu.

Dakika ya kumi na nane, aliyekuja amekuja.
Asiyekuja, shingo imechoka kumgojea.
Chengo anashusha macho,
anaukuta mpira mguuni,
basi.

Mwanangu Shukri alicheza uwanja huu huu.
Zamu ilinitoa saa kumi, na getini foleni ya malori.
Nikifika namkuta amewaka, anapita watu kama sindano,
na timu yake iko nyuma, bao moja, mawili.
Kila mara, njiani, nikamwambia kwa mapenzi:
“Tatizo lako wewe, huanzi mapema.”
Alinitazama. Akafunga zipu ya mkoba.
Sasa yuko Doha, analinda ghala.
Hupiga simu Ijumaa,
na mwanzoni mwanzoni hapo
hakuna anayesema kitu.

Kocha sijamwambia.
Nimwambie nini, asimamishe bandari?
Ila jana, saa tisa na nusu, nilikwenda kibandani,
nikamwambia mama Chengo nenda,
mwiko nipe mimi.
Akanitazama kama mtu anayetaka kukopa.
Akafuta mikono kwenye leso, akaenda, akarudi
kunionyesha chupa ya ukwaju, akaenda tena.

Niliunguza viazi saba.
Mteja mmoja nilimrudishia chenji ya mtu mwingine.
Huko uwanjani, nyuma ya ukuta wa shule,
firimbi, kisha kimya,
kisha kelele kubwa, watu wengi kwa pamoja.
Nikatazama saa: dakika ya tatu.
Nikatoa daftari, mikono ina mafuta,
na kwa kuwa sikujua ni ya nani
nikaandika kwa penseli.